Livingstone kabla ya Nyangwe: nani aliwaua ngamia wa Ruvuma?

KINDU – Hapa Maniema, David Livingstone anatajwa sana kwa sababu ya Nyangwe, ule mji wa soko juu ya mto Lualaba, upande wa Kasongo. Wachache wanajua kwamba safari iliyomfikisha kwetu ilianza na ngamia, na kwamba ngamia hao walimwachia swali ambalo wenye farasi wa mashindano wanabishana juu yake mpaka leo: mnyama akiumia kazini, je, dhamiri ya anayemwongoza inatosha, ao kunahitajika sheria kali na mtu wa kuisimamia?

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Alipokuwa na miaka 10 alikuwa tayari mfanyakazi wa kiwanda cha pamba. Mwaka mmoja mbele, 1822, bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kukataza ukatili kwa farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Alisomea udaktari, akawa mmisionari kusini mwa Afrika, na katika safari moja huko mbung'o walimwulia ng'ombe 43 wa kukokota magari. Hasara hiyo hakuisahau.

Ndiyo maana Machi 1866 alishuka Mikindani, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Alitaka kuona kama wanyama hao watavumilia mbung'o. Wangevumilia, mizigo ingetoka kwenye vichwa vya watu. Wazo lilikuwa zuri.

Wanyama aliwakabidhi hasa kwa askari 13 Wahindi waliotoka Bombay. Yeye mara nyingi alitangulia na wakataji wa njia kandokando ya Ruvuma, akawaacha nyuma. Akirudi kuangalia, alikuta ngamia wana vidonda vya fimbo, na mizigo imezidi kwa sababu askari waliongeza vitu vyao wenyewe. Alikemea, akaonya, kisha akatangulia tena. Siku moja aliwachapa wawili kwa fimbo, halafu akaona amejishushia heshima, akaamua asifanye hivyo tena kwa mkono wake.

Kuna kisa kimoja cha kuchekesha, kama si cha kusikitisha. Askari walimchinja ndama wa nyati, wakamla, kisha wakasema ameliwa na chui-milia. Livingstone akawauliza kama waliiona hiyo milia. Wote wakakubali kwamba waliiona. Afrika haina chui-milia hata mmoja.

Miezi michache tu, karibu wanyama wote walikuwa wamekufa. Kisha askari wakarudishwa pwani. Kilichomuuma Livingstone zaidi ni kwamba hakuweza kujua kama waliouawa na mbung'o ni wangapi, na waliouawa na fimbo ni wangapi. Lawama aliiweka juu ya askari. Kwa maoni yangu, nusu yake ilikuwa ya kwake: alikuwa na amri, lakini hakuweka mkaguzi, hakupima mzigo, wala hakukaa nyuma na wanyama.

Leo, katika mbio ndefu za farasi zinazofika kilometa 160, daktari wa wanyama anapima mapigo ya moyo kwenye kila kituo. Farasi asiyetulia kwa muda uliowekwa anatolewa. Lakini hata hivyo, mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo hiyo lilisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya hali ya farasi. Sheria zilikuwepo. Ni sisi, tunaopita kila siku karibu na mbuzi waliofungwa miguu juu ya baiskeli, tunaoweza kuelewa vizuri jambo hilo.

Livingstone alifika Kabambare 1869, akalazwa miezi mingi na vidonda vya miguu, na Machi 1871 akaingia Nyangwe. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua risasi sokoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wakiwa wanawake. Mwaka 2011 wanazuoni waliweza kusoma daftari lake la siku zile, lililofifia wino, na wakaona halilingani katika mambo kadhaa na kitabu kilichochapishwa 1874, pamoja na mwenendo wa watu waliokuwa chini yake mwenyewe. Swali la Ruvuma lilikuwa limemfuata mpaka Lualaba, safari hii kwa watu.

Aprili 1873, mgonjwa sana, alijaribu kupanda punda, akaanguka. Watu wake walimbeba juu ya kitanda mpaka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambako alikufa tarehe 1 Mei. Waliosimamia kuupeleka mwili wake mpaka pwani ni Chuma na Susi. Wote wawili walikuwepo kwenye msafara wa ngamia, Ruvuma, miaka saba mbele.