Edwin Chadwick

Edwin Chadwick (24 Januari 1800 – 6 Julai 1890) alikuwa mwanasheria na mtumishi wa serikali nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa ripoti yake ya mwaka 1842 kuhusu hali ya afya ya wafanyakazi, na kwa mchango wake katika Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848. Sheria hiyo ilikataza nyumba mpya zisizo na mfereji wa maji machafu na choo katika miji ilikotumika.

Maisha ya awali

Chadwick alizaliwa Longsight, karibu na Manchester. Mama yake alifariki Edwin akiwa bado mtoto. Baba yake, James, alikuwa mwandishi wa habari aliyetetea mageuzi ya kisiasa. Mwaka 1810 familia ilihamia London.

Edwin alisomea sheria huku akijipatia riziki kwa kuandika magazetini, na mwaka 1830 alikubaliwa kuwa wakili. Alifanya kazi kama msaidizi wa mwanafalsafa Jeremy Bentham hadi Bentham alipofariki mwaka 1832. Kwake alijifunza kupima sheria kwa faida inayoleta kwa watu wengi, na kuamini kwamba sheria haina nguvu bila ofisi kuu na wakaguzi wa kuisimamia.

Sheria ya Maskini

Mwaka 1832 Chadwick aliajiriwa na tume iliyochunguza misaada kwa maskini. Pamoja na mchumi Nassau Senior aliandika ripoti iliyozaa Sheria ya Maskini ya mwaka 1834. Kwa mujibu wa mpango huo, mtu mwenye nguvu aliyetaka msaada alipaswa kuingia katika nyumba ya kazi, ambako maisha yalifanywa kuwa magumu kuliko ya kibarua wa kipato cha chini kabisa aliyeko nje. Humo mume, mke na watoto walitenganishwa. Wafanyakazi waliichukia sheria hiyo, na jina la Chadwick lilichukiwa pamoja nayo.

Chadwick alitarajia kuwa mmoja wa makamishna wa kuiendesha, lakini alipewa ukatibu tu, akagombana na wakubwa wake mara kwa mara. Hata hivyo kumbukumbu za ofisi hiyo zilimwonyesha jambo jipya: familia nyingi ziliomba msaada kwa sababu baba alikuwa mgonjwa au amekufa kwa homa. Akahitimisha kwamba kuzuia ugonjwa kungegharimu kidogo kuliko kulisha wajane na yatima.

Ripoti ya mwaka 1842

Mwaka 1838 madaktari Neil Arnott, James Kay na Southwood Smith walichunguza homa katika mitaa ya maskini ya London. Baadaye uchunguzi ulipanuliwa, na madaktari na maofisa wa sehemu mbalimbali za nchi wakatuma taarifa. Chadwick alizikusanya na kuziandika upya kuwa ripoti moja. Makamishna hawakutaka kuitoa kwa jina lao, hivyo mwaka 1842 ilitoka kwa jina lake peke yake.

Ripoti ilieleza vyumba vya chini ya ardhi vilivyojaa unyevu, vyoo vilivyofurika uani, na nyumba zilizojengwa mgongo kwa mgongo, ambazo hazikuweza kuwa na dirisha upande wa nyuma wala kupitisha hewa. Ilitoa pia takwimu za umri wa kufa. Mjini Manchester wastani ulikuwa miaka 38 kwa matajiri na wataalamu, lakini miaka 17 kwa vibarua na familia zao. Katika wilaya ya mashambani ya Rutland wastani ulikuwa miaka 52 na 38. Kwa hiyo kibarua wa Rutland aliishi kwa wastani miaka sawa na tajiri wa Manchester.

Wastani huo ulishushwa na vifo vya watoto wachanga, na wataalamu wa takwimu walikosoa njia ya kuukokotoa, kwa sababu mji wenye watoto wengi lazima uonyeshe umri mdogo wa kufa. Hata hivyo hoja kuu haikupingwa kwa urahisi: mahali pa kuishi palichangia kuua.

Kanuni za nyumba mpya

Chadwick aliona nyumba, bomba la maji na mfereji kuwa mfumo mmoja. Maji yaingie nyumbani bila kukatika, yasukume uchafu kutoka chooni, nao usafiri katika mabomba membamba ya udongo uliochomwa na kung'arishwa hadi nje ya mji. Wahandisi wengi wa wakati huo walipendelea mifereji mipana ya matofali, na ubishi kati yao na Chadwick ulidumu miaka mingi.

Sheria ya mwaka 1848 iliunda Bodi Kuu ya Afya, na Chadwick akawa mmoja wa wajumbe wake. Bodi za mahali ziliweza kuundwa pale ambapo sehemu ya kumi ya walipa kodi waliomba, au kulazimishwa pale ambapo vifo vilizidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. London haikuhusishwa.

Katika miji yenye bodi, mjenzi alipaswa kutoa taarifa kabla ya kuchimba msingi, akionyesha kimo cha sakafu ya chini na mahali pa choo. Kama mfereji mkuu ulikuwa ndani ya futi 100 (takriban mita 30), nyumba iliunganishwa nao. Kama haukuwepo, maji machafu yalipelekwa kwenye shimo lililofunikwa.

Suala la hewa lilichelewa zaidi. Tangu mwaka 1696 kulikuwa na kodi ya madirisha, na wenye nyumba wengi waliyaziba ili kuikwepa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1851. Mwaka 1858 sheria nyingine iliziruhusu bodi za mahali kutunga kanuni ndogo kuhusu nafasi kati ya majengo, upitishaji wa hewa na mifereji ya nyumba mpya. Nyumba za mgongo kwa mgongo zilipigwa marufuku mwaka 1909.

Kipindupindu na kuondolewa

Chadwick aliamini kwamba magonjwa yanaletwa na hewa chafu inayonuka. Kwa imani hiyo, alipokuwa katika tume ya mifereji ya London, alisimamia kusafisha mifereji na kuondoa mashimo ya vyoo kwa kusukuma uchafu hadi mto Thames. Harufu ilipungua mitaani, lakini wakazi wengi walikunywa maji ya mto huohuo. Kipindupindu cha miaka 1848–1849 kiliua watu wapatao 14,000 London. Daktari John Snow alieleza kwamba ugonjwa huo unaenezwa na maji, lakini Chadwick hakuacha nadharia yake hadi kufa.

Maadui wake waliongezeka: kampuni za maji, wenye nyumba, wahandisi, na madiwani waliochukia kuamriwa kutoka London. Tabia yake ya kutosikiliza wengine iliwaongezea nguvu. Mwaka 1854 aliondolewa, akapewa pensheni ya pauni 1,000 kwa mwaka. Hakupata tena cheo serikalini, ingawa aliishi miaka 36 zaidi akiandika na kushauri. Aligombea ubunge bila kufaulu. Mwaka 1889 alipewa cheo cha "Sir", akafariki mwaka uliofuata huko East Sheen, Surrey.

Urithi

Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1875 iliendeleza masharti ya nyumba mpya na kuyaeneza nchini kote. Mwanawe, mhandisi Osbert Chadwick, mwaka 1882 aliandika ripoti kuhusu mifereji na hewa katika nyumba za Hong Kong. Mtindo huo wa sheria ulifika pia Afrika Mashariki: sheria ya afya ya umma ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1921 na inayojulikana leo kama Sura ya 242, ina sehemu kuhusu usafi na makazi, pamoja na kanuni za mifereji na vyoo.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya Chadwick. Wapo wanaomkumbuka kwa ukali wa nyumba za kazi, na wapo wanaomhesabu kati ya waanzilishi wa afya ya umma. Nadharia yake kuhusu chanzo cha magonjwa ilikuwa na kosa, lakini maji safi, mfereji na dirisha vilipofika katika nyumba za maskini, vililinda maisha yao.