Hugh Tracey, Mpimaji wa Sauti

Hugh Tracey alizaliwa mwaka 1903 huko Devon, katika nchi ya Uingereza. Alipokuwa bado kijana alisafiri mpaka Rodezia ya Kusini, nchi ambayo leo huitwa Zimbabwe. Kaka yake alikuwa na shamba la tumbaku huko, naye alikwenda kumsaidia.

Kila siku kijana huyo alifanya kazi shambani pamoja na Wakaranga. Watu hao walikuwa wakiimba huku wakilima. Hugh aliwasikiliza, akajifunza lugha yao, kisha akaanza kuimba pamoja nao. Aliona kwamba nyimbo zao zilikuwa na mpango na akili nyingi. Lakini Wazungu wengi wa siku zile walizidharau. Waliposikia marimba ya Waafrika walisema haikupatana sauti, kwa sababu haikulingana na kinanda chao.

Hugh hakukubali. Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 mpaka Johannesburg, nyimbo zao zikanaswa katika santuri. Tangu hapo hakuiacha kazi hiyo.

Je, sauti kupatana ni nini? Mtoto akigusa uzi wa zeze, uzi hutetemeka. Ukitetemeka upesi, sauti huwa nyembamba. Ukitetemeka polepole, sauti huwa nene. Mwanamume na mwanamke wakiimba wimbo mmoja pamoja, mara nyingi sauti ya mwanamke hutetemeka mara mbili zaidi ya sauti ya mwanamume. Hata hivyo masikio husikia kwamba wanaimba sauti ile ile, mmoja chini na mwingine juu. Nafasi iliyo kati ya sauti hizo mbili huitwa okteva.

Okteva ni kama ngazi. Mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia ni pamoja kwa watu wengi, lakini vipandio vya katikati havilingani kila mahali. Kinanda cha Wazungu kina vipandio 12 vilivyo sawa. Mwaka 1885 Mwingereza mmoja, Alexander Ellis, alieleza kipimo kizuri. Aliigawanya okteva sehemu ndogo 1200, na kila sehemu aliiita senti. Basi kila kipandio cha kinanda ni senti 100.

Hugh Tracey alitaka kujua vipandio vya Waafrika. Alikuwa na vyuma 54 vya kupimia sauti. Kila chuma kilikuwa na meno mawili kama uma. Cha kwanza kilitetemeka mara 212 kwa sekunde moja, cha pili mara 216, na kuendelea hivyo, kikiongezeka mara nne kila kimoja, mpaka cha mwisho kilichotetemeka mara 424. Mia mbili na kumi na mbili mara mbili ni mia nne ishirini na nne. Basi vyuma vyake vilijaza okteva moja kamili. Alipofika kijijini alipiga chuma, akasikiliza, akapiga ubao wa marimba, akasikiliza tena, mpaka akapata chuma kilicholingana na ubao ule.

Katika Msumbiji aliwapima Wachopi, mafundi wa marimba iitwayo timbila. Aliona kwamba ngazi yao ina vipandio saba vilivyokaribiana sana, kila kimoja senti 171 hivi. Katika Uganda, marimba ya Waganda ina vipandio vitano, kila kimoja karibu na senti 240. Sauti hizo nyingi hazipatikani katika kinanda, kwani hukaa kati ya kibao na kibao. Basi Wachopi na Waganda hawakukosea. Walikuwa na ngazi yao, nao waliifuata kwa uangalifu.

Mwaka 1952 Tracey alisafiri katika Kongo, nchi iliyotawaliwa wakati ule na Wabelgiji. Alikuja na gari lenye mitambo ya kunasa sauti. Katika safari hiyo alifika ukingo wa msitu wa Ituri, akanasa nyimbo za Wambuti, za Wabira, za Wabudu na za Wanande.

Wanande ni wenyeji wa Beni, Butembo na Lubero. Wao na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda wana marimba kubwa iitwayo endara. Mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya migomba, na watu kadhaa huipiga pamoja. Fundi wa marimba akitaka sauti ya ubao ishuke, huuchonga katikati upande wa chini. Akitaka ipande, huuchonga kwenye ncha. Hana kitabu wala chuma cha kupimia. Kipimo chake ni sikio lake, alilofundishwa na wazee. Akifa bila kumfundisha kijana, kipimo hufa pamoja naye. Jambo hilo ndilo lililomhangaisha Tracey maisha yake yote.

Mwaka 1954 alianzisha karibu na Johannesburg nyumba ya kutunzia muziki wa Afrika. Alitoa santuri 210, na kwa nyingi aliandika vipimo vya sauti za vyombo. Alianza pia kutengeneza kalimba, ndugu wa likembe, na kuziuza nchi za mbali. Lakini kalimba hizo alizipatanisha kwa ngazi ya Wazungu, ili wanunuzi wazizoee upesi. Hata yeye aliona jinsi ilivyo vigumu kumfundisha mtu ngazi mpya.

Hugh Tracey alifariki mwaka 1977. Mwaka uliofuata hazina yake ilihamishwa mpaka Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Mafundi wengi aliowasikiliza wamekwisha kufa, lakini sauti za vyombo vyao zingali zasikika, na vipimo vyake vingali vyasomwa.

Mwenye akili hasemi kwamba cha mwenzake kimepotoka kabla ya kukipima.

Maulizo
1. Kwa nini Wazungu wengi walidharau marimba?
2. Okteva ni nini?
3. Fundi hufanya nini ili sauti ya ubao ishuke?
4. Katika kijiji chenu, nani ajua kupatanisha chombo cha muziki? Mwende mkamwulize alifundishwa na nani.