Frank Weston: Askofu wa Zanzibar aliyepinga muungano wa Kikuyu

Juni 1913, wamishonari wa Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, kupanga shirikisho la makanisa yao. Mwishoni walishiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, ibada ikiongozwa na Askofu Peel wa Mombasa.

Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston alikasirika. Mwingereza huyo, aliyezaliwa 1871, alifika Visiwani 1898 na akawa askofu 1908. Aliona kuungana na makanisa yasiyo na maaskofu ni kuilegeza imani. Akawashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi, mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Hawakuhukumiwa, ila 1915 jibu lilitoka kwamba ibada ya aina ile isirudiwe.

Vita ilipofika, Weston aliongoza wapagazi wa Zanzibar huko bara. Mwaka 1920 alipinga kwa maandishi Waafrika kulazimishwa kazi Kenya. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa maaskofu London, alichangia mwito kwa Wakristo wote, uliowatambua wote waliobatizwa kuwa wa Kanisa moja. Suala la uaskofu hakuliacha. Safari hii alilijadili mezani.

Alifariki Novemba 1924 Hegongo, Muheza.

Makanisa yanayotafuta umoja leo yanaweza kujifunza kwake jambo ambalo wafanyabiashara wa mipakani wanalijua: masharti magumu husemwa kabla mzigo haujafungwa.