Herman Hollerith na Kadi Zenye Matundu

Mimi na imla hatupatani, na walimu wanaosahihisha daftari zangu ni mashahidi. Basi nilipoyasoma maisha ya Herman Hollerith nilifurahi kama niliyempata ndugu aliyepotea. Yeye naye tahajia ilimshinda. Inasimuliwa kwamba siku moja, angali mvulana, aliruka dirishani kulikimbia somo hilo. (Mwalimu, mimi sijafika huko!)

Alizaliwa Februari 29, 1860, mjini Buffalo, Marekani, na wazazi waliohamia huko kutoka Ujerumani. Baba yake alifariki Herman akiwa na miaka saba tu. Mwaka 1879 alihitimu uhandisi wa migodi katika Columbia, lakini mgodini hakwenda. Alipata kazi katika sensa ya 1880.

Huko ndiko alikoiona taabu. Watu walikuwa milioni 50 hivi, na kila mmoja ana umri wake, kazi yake na mahali alikozaliwa. Makarani walichora vijistari kwa mkono, wakavihesabu, na swali jipya likija wanaanza tena. Kazi ile ilikula zaidi ya miaka saba. Ilikuwa karibu sensa nyingine ianze kabla ya hiyo kwisha! Mkubwa mmoja wa takwimu, Dkt. John Shaw Billings, ndiye aliyemdokezea kijana huyo kwamba mashine ingeweza kuifanya.

Kwanza Hollerith alijaribu ukanda mrefu wa karatasi wenye matundu. Lo! Ukitaka habari za watu wachache walio katikati, lazima uukunjue wote. Kisha akakumbuka safari moja ya gari la moshi. Kondakta alikuwa akitoboa tiketi mahali mahali kuonyesha sura ya abiria: nywele zake, macho yake, pua yake. Basi akaamua kila mtu awe na kadi yake. Kwangu mimi, hapa ndipo penye utamu wote. Mtu akishaandikwa kwenye kadi moja, kadi hizo hizo unaweza kuziuliza leo umri, kesho kazi, bila kuandika upya. Hifadhidata zilizomo ndani ya seva za siku hizi zinafanya jambo hilo hilo, ila kwa kasi ya ajabu.

Mashine yenyewe ilikuwa hivi. Karani aliweka kadi, akavuta mkono wa chuma, na sindano nyingi zikashuka. Penye tundu, sindano ilipita ikagusa zebaki iliyokuwa kikombeni chini yake, umeme ukapita, na akrabu ya saa ya kuhesabia ikasonga hatua moja. Pasipo tundu, kimya.

Mwaka 1889 alishindanishwa na watu wawili, wakipewa habari za watu wa sehemu za mji wa St. Louis. Kuandaa kadi kulimchukua saa 72 na nusu. Wenzake walitumia saa 100 na nusu na saa 144 na nusu. Kujumlisha sasa! Wao saa 44 na nusu na saa 55 na nusu, yeye saa tano na nusu. Si mchezo. Sensa ya 1890 akapewa yeye, ikatoa watu 62,622,250, na wapo walionung'unika kwamba ni wachache mno.

Mwaka 1896 alianzisha kampuni yake. Mashine alizikodisha, na kwa bei kali. Nadhani hapo jamaa alikosea, maana ofisi ya sensa ilichoka naye, wakagombana, na kwa sensa ya 1910 ikajitengenezea mashine zake. Mteja akageuka mshindani! Mwaka 1911, afya ikimsumbua, aliuza kampuni, ikaunganishwa na nyingine. Mwaka 1924 kampuni hiyo ya muungano ikaitwa IBM. Ndiko alikofanya kazi Edgar Codd, ambaye mwaka 1970 alieleza jinsi ya kupanga habari katika majedwali, njia inayotumiwa na hifadhidata nyingi hadi leo.

Hollerith mwenyewe aliishia kufuga ng'ombe. Alifariki Novemba 17, 1929, mjini Washington, kwa ugonjwa wa moyo, tarakilishi za elektroniki zikiwa hazijabuniwa. Zilipokuja, kwa miaka mingi zililishwa kazi kwa kadi zenye matundu.