John Hanning Speke: Maisha ya Mkadiriaji wa Mahali

Miongoni mwa wageni wa karne ya kumi na tisa waliopita katika nchi ya Ugogo, John Hanning Speke ndiye ambaye maisha yake yanadhihirisha zaidi ugumu wa kujua mahali ulipo pasipo chombo kisichokosea. Ugumu huo huo ndio unaomkabili leo mhandisi anayetaka roboti ijiongoze yenyewe. Mashine haijui ilipo. Hukadiria, na kila kadirio hubeba kiasi chake cha shaka.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon, Uingereza. Mwaka 1844 aliingia katika jeshi la Bengal, na katika likizo zake alizoea kuwinda na kuchora ramani milimani Himalaya. Aprili 1855 alijeruhiwa vibaya kwa mikuki huko Berbera akiwa na Richard Burton, na Juni 1857 wawili hao waliondoka Unguja kuelekea bara.

Njia yao ilivuka Marenga Mkali, pori lisilo na maji lililokuwa mlango wa mashariki wa Ugogo (malenga ni maji kwa Kigogo), kisha ikafuata uwanda wa kati, ule ambao leo una Mji wa Serikali wa Mtumba. Wagogo walitawala visima, na kwa hiyo walitoza hongo. Kwa msafiri wa aina hiyo, kukosea umbali wa kisima kinachofuata lilikuwa jambo la uhai.

Utaratibu wa Speke haukuwa mgumu kueleza. Mchana alisoma dira, akahesabu saa za mwendo, akazizidisha kwa kasi aliyoidhania. Kosa la kila siku liliongezwa juu ya lile la jana. Usiku alipima kimo cha nyota, na latitudo aliyoipata ikarekebisha kadirio la mchana. Longitudo ilikuwa taabu, kwani ilihitaji saa sahihi, nazo saa za safari ziliharibika njiani. Basi shaka yake haikuwa duara. Ilikuwa na umbo la yai, jembamba kaskazini-kusini na refu mashariki-magharibi, yaani kando ya njia yenyewe. Chujio alilolichapisha Rudolf Kalman mwaka 1960, ambalo wanafunzi wa roboti hulisoma mapema, hufanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu: hutabiri, hupima, kisha husahihisha kwa kadiri kila upande unavyoaminika. Kanuni ya kupatanisha vipimo vinavyopingana ilikuwa tayari imechapishwa na Legendre mwaka 1805 na Gauss mwaka 1809. Upungufu wa Speke ulikuwa wa vipimo, si wa hisabati.

Februari 1858 walifika Ujiji, Speke akiwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Kimo cha ziwa kilipatikana kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Jibu likawa futi 1,844, takriban meta 562, ilhali Tanganyika iko kwenye meta 773 hivi. Kosa zima ni digrii moja na kidogo ya Fahrenheit. Kwa Nyanza, aliyoiona Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alipata futi 3,740, na hapo alikaribia sana ukweli. Masomo hayo mawili hayana alama yoyote ya kumwonesha msomaji lipi la kuaminiwa. Vipimajoto viwili vizuri katika sufuria moja vingeonesha.

Ushahidi wa watu nao ni kipimo, na hapa ndipo kisa chake kinapovutia zaidi. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akazungumza na wenyeji. Sheikh Hamed wa Kasenge alieleweka kuwa amesema Mto Rusizi unatoka ziwani. Baadaye, huko Uvira, wana wa mtemi walisema unaingia, na Bombay mwenyewe akaona kuwa Sheikh alikusudia hivyo tangu mwanzo. Kitenzi kimoja kikipinduliwa katika lugha mbili, mto mzima hugeuka. Haifai kumlaumu mkalimani: kosa la aina hii halipungui kwa kurudia swali kupitia njia ile ile; hupungua kwa kupata shahidi asiyetegemea wa kwanza.

Speke alirudi pamoja na James Grant mwaka 1860. Ugogo iliwapokea kwa njaa na mvua, na wapagazi wengi wakatoroka. Tarehe 28 Julai 1862 aliona Nile ikitoka Nyanza, lakini hakuufuata mto wote hadi Gondokoro, alikofika Februari 1863. Wala hakulizunguka ziwa. Aliliona mahali mbalimbali, akaunganisha kwa kukisia. Burton akalishikilia pengo hilo, akakitilia shaka pia kimo cha Tanganyika, na kudai kuwa ziwa hilo lingeweza kumwaga maji kaskazini.

Mjadala wao uliwekwa Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walithibitisha kuwa Rusizi huingia Tanganyika. Mwaka 1875 Stanley aliizunguka Nyanza kwa mashua hadi akarudi alikoanzia, na pwani zote zikaungana kuwa ziwa moja.