Yusuf bin Hassan, mfalme aliyeishia baharini

Mimi ni mtoto wa Kamembe. Maji niliyokulia ni ya Kivu, na bahari nimeiona mara moja tu, nilipokwenda harusini Mombasa. Kabla ya kurudi niliingia Fort Jesus. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuijenga upya ngome na kuwaadhibu watu wa pwani walioasi. Mfalme aliyeanzisha uasi huo anaitwa dhalimu tu, jina lake halimo. Ndiye ninayetaka kumsimulia.

Aliitwa Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmad wa Mombasa na Malindi, aligombana na kapteni Mreno, akakimbilia bara. Huko aliuawa mwaka 1614 na watu waliohongwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, India. Mtoto naye akapelekwa Goa hiyo hiyo, akiwa na miaka kama saba. Mapadri wa Augustino walimlea, wakambatiza na kumwita Dom Jerónimo.

Ukubwani alitumikia merikebu za kivita za Wareno, akajifunza mizinga. Hebu fikiria: kazi ya maisha yake alifundishwa na wale wale waliomwua baba yake.

Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa awe mfalme, Mkristo mwenye mke Mkristo. Raia wake Waislamu hawakumwamini, na makapteni wa ngome walimdharau. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na kapteni Pedro Leitão de Gamboa akataka kumshtaki. Yusuf hakungoja. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba ni mgeni, akamchoma kapteni kisu. Waholanzi walikuja na makundi ya merikebu kuizingira ngome ya Wareno kule Msumbiji, mwaka 1607 na tena 1608, wakashindwa mara zote mbili. Yeye aliichukua Fort Jesus kwa siku moja.

Nilipoisimulia habari hii kwenye halaka yetu, hapo ndipo ndugu walipopiga takbiri. Nami nilikuwa nimekusudia kuishia hapo hapo. Lakini dada mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliuliza Wakristo wa mjini walifanywaje. Ikabidi niseme. Yusuf alirudi kwenye Uislamu, akawataka nao wasilimu. Waliokataa waliuawa, Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto. Qur'ani imekataza kumlazimisha mtu dini, na Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto hata vitani. Dhuluma aliyotendewa Yusuf ilikuwa kubwa, lakini watoto wale hawakumwua baba yake. Takbiri hazikurudi tena, na sikusikitika.

Januari 1632 merikebu zilifika kutoka Goa kuikomboa ngome. Hapo mafunzo yake yalionekana. Aliwapiga kwa mizinga yao wenyewe, na Machi wakaondoka mikono mitupu. Mimi naona huo ndio ushindi wake wa haki, jeshi kwa jeshi.

Ila alijua watarudi. Mwezi wa Mei alibomoa alichoweza kubomoa, akapakia mizinga kwenye merikebu aliyoiteka, akatweka tanga. Agosti Wareno waliikuta ngome tupu. Adhabu ikawaangukia waliobaki, watu wa Pemba, Siyu na miji mingine, ile ile ambayo Cabreira anajisifia pale langoni. Hili nalo namlaumu. Mfalme alikuwa na merikebu ya kuondokea, raia hawakuwa nayo.

Tangu hapo Yusuf alikuwa mtu wa maji tu. Alikwenda Arabuni, akarudi, akawa anavizia vyombo vya Wareno pwani, akifika Komoro na Madagaska. Wareno walimwita haramia na kumsaka miaka kadhaa bila kumpata. Mwaka 1638 aliuawa katika Bahari ya Shamu, akiwa na miaka kama thelathini. Yule Cabreira naye alikuwa kijana: maandishi ya langoni yanasema alipewa ngome akiwa na miaka 27.