Heinrich Hertz na Pete ya Shaba

Hamburg ni mji mkubwa wa bandari katika nchi ya Ujerumani. Pale alizaliwa Heinrich Hertz, tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mtoto huyu alikuwa na akili nyepesi; alijifunza hata Kiarabu, lugha ambayo watoto wachache tu wa Ulaya waliijua. Lakini alipenda pia kazi ya mikono. Nyumbani alichonga mbao, akakereza vyuma, akajitengenezea vyombo vya kupimia. Watu husimulia kwamba fundi aliyemfundisha kukereza alisikia, miaka mingi baadaye, kuwa Heinrich amekuwa mwalimu mkubwa wa chuo. Fundi yule akasikitika, akisema moyoni kwamba dunia imepoteza mkerezaji hodari. Hakujua kwamba mikono ile ile ndiyo iliyompa Heinrich sifa.

Kwanza alianza masomo ya ujenzi. Moyo wake haukutulia. Mwaka 1877 akawaandikia wazazi wake kuomba ruhusa ya kuacha ujenzi, afuate elimu ya viumbe na nguvu za dunia. Wakamkubalia. Mwaka 1878 akaenda Berlin kwa mwalimu aliyejulikana sana, Helmholtz.

Wakati ule wataalamu walikuwa na shauri moja gumu. Mtu wa Scotland, jina lake Maxwell, alikuwa amepiga hesabu kwamba umeme ukitikisika upesi sana hutoa mawimbi. Mawimbi hayo husafiri hewani kwa mwendo wa mwanga, na mwanga wenyewe ni mawimbi ya namna hiyo. Hesabu ilikuwa nzuri, lakini nani aliyeyaona mawimbi hayo? Maxwell alikufa mwaka 1879, na hakuna aliyeweza kuyaonyesha. Mwaka ule ule Helmholtz akamhimiza Hertz ajaribu. Hertz akafikiri, akapiga hesabu, akaona hana njia. Akaiacha kazi ile. Hata hivyo hakuisahau.

Miaka 7 ikapita. Mwaka 1886 Hertz alikuwa mwalimu katika mji wa Karlsruhe, na mwaka huo akamwoa Elisabeth Doll. Katika kabati la shule alikuta vyombo vya kuonyeshea wanafunzi: nyaya mbili zilizozungushwa kama konokono. Akapitisha umeme katika waya mmoja, cheche ikaruka. Kumbe, katika waya wa pili, usioguswa na kitu, ikaruka cheche nyingine ndogo! Mtu mwingine angecheka na kuendelea na somo lake. Hertz akasimama hapo.

Akaunda mashini yake. Alitwaa mipira miwili ya zinki, yenye upana wa sentimeta 30 kila mmoja, akaiunganisha kwa waya wa shaba, akaacha mwanya mdogo katikati ya waya. Katika mwanya ule cheche zilirukaruka, na umeme ukaenda mbele na nyuma mamilioni ya mara katika sekunde moja. Je, mawimbi yatajulikanaje? Hapo alifanya jambo ambalo hata mtoto anaweza kulifanya. Alikunja waya wa shaba ukawa pete kubwa, yenye upana wa sentimeta 70, lakini ncha mbili za waya hazikugusana. Parafujo ndogo ilisogeza ncha moja karibu na nyingine, ili urefu wa cheche upimwe. Pete ile haikufungwa na kitu cho chote. Nguvu ya umeme ikipita ndani yake, cheche ndogo iliruka kati ya ncha.

Akiwa karibu na mashini, cheche ilikuwa na urefu wa milimeta kadhaa. Akienda mbali, ilibaki sehemu chache za mia za milimeta moja. Basi Hertz alikaa gizani, akayazoeza macho yake, akatazama nukta ile ya mwanga. Alisogeza pete, akaigeuza. Ikielekea huku, cheche inaruka. Ikigeuzwa upande, cheche inazimika. Aliandika yote. Kwa namna hii pete ilimwambia nguvu inatoka wapi, inaelekea wapi, ina ukali gani.

Mwaka 1888 alifanya kazi katika ukumbi wa masomo wenye urefu wa meta 15. Akaondoa taa za gesi zilizoning'inia pamoja na mabomba yake, maana kila chuma kilivuruga mawimbi. Nguzo za chuma hakuweza kuziondoa. Ukutani akabandika bati la zinki, mawimbi yarudi kama sauti irudivyo mlimani. Akatembea na pete yake: mahali hapa cheche, mbele kidogo hakuna, mbele tena cheche. Ndiyo mawimbi ya Maxwell.

Hata hivyo alikosea. Vipimo vyake vilimwonyesha kwamba mawimbi hupita polepole katika waya kuliko hewani. Jambo hilo lilimsumbua sana, kwa sababu halikupatana na hesabu. Mwaka 1893 wataalamu wawili wa Geneva, Sarasin na De la Rive, wakarudia kazi ile katika ukumbi mkubwa zaidi, wakaona mwendo ni mmoja. Kuta na vyuma vya ukumbi mdogo vilikuwa vimemdanganya.

Mwaka 1889 Hertz alieleza kwa hesabu jinsi nguvu inavyokuwa karibu kabisa na mashini, na jinsi inavyokuwa mbali. Karibu ni kali, lakini ukirudi nyuma kidogo tu, hupungua upesi mno. Mafundi wa leo hutumia jambo hilo. Labda umesikia redio ikinguruma mtu anapowasha mashini jirani. Mashini ile inatoa mawimbi yasiyotakiwa. Yanatoka wapi, na ndani yake mna nyaya na vipande mamia? Fundi hutwaa pete ndogo ya waya, pengine ndogo kuliko kidole, iliyowekwa kwenye mpini na kuunganishwa na chombo cha kupimia. Huipitisha polepole juu ya nyaya, bila kuzigusa. Mahali nguvu inapopanda, huigeuza pete. Ikishuka, amejua njia ya umeme ule. Kisha hutwaa pete ndogo zaidi, asogee mpaka apate kipande chenye kosa. Pete kubwa husikia mbali lakini haionyeshi mahali penyewe. Ndogo huonyesha penyewe lakini haisikii mbali. Cheche haihitajiki tena, wala giza.

Hertz hakuyaona hayo. Mwaka 1889 mhandisi mmoja alimwandikia kumwuliza kama mawimbi yaweza kuchukua maneno ya simu. Akamjibu kwamba haiwezekani. Mwaka ule alihamia Bonn. Tangu 1892 aliumwa vibaya kichwani, puani na masikioni. Waganga wakampasua, asipone. Aliendelea kufundisha hata karibu na mwisho. Alikufa tarehe 1 Januari 1894, umri wake miaka 36, akaacha mke na binti wawili, Johanna na Mathilde. Akazikwa Hamburg.

Baada ya miaka michache Marconi alipeleka habari kwa mawimbi yale yale, na mwaka 1930 wataalamu wa umeme walikubaliana kuhesabu mitikisiko ya kila sekunde kwa jina la Hertz. Vyombo vyake, alivyounda kwa mikono yake, vimewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Munich.